Majirani Wasiovuka Ua: Maswali Yenu Kuhusu Bakteria wa Utumbo na Kinga ya Mwili

Maswali mengi yaliyotufikia safari hii yana ombi moja: mtuambie namna ya kupandisha kinga kwa kutumia bakteria wa tumboni. Tutajibu moja baada ya jingine, ila hilo neno "kupandisha" linatupa shida. Ndani ya utumbo, kinga iliyopanda kupita kiasi ni ugonjwa.

Kazi ya kinga ni kuua bakteria. Sasa mbona hawa wa tumboni, pamoja na wingi wao wote, inawaacha?

Haijawaacha, imewawekea mpaka. Tutakaa kidogo kwenye swali hili, maana ukiuelewa mpaka huo majibu yanayofuata yatakuwa mepesi.

Tuanze na utumbo mpana. Gramu moja ya kilichomo humo ina bakteria wapatao bilioni 100. Ukuta unaowatenganisha na damu yako una unene wa seli moja tu, na seli hizo huchakaa na kubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5. Kinachouokoa ukuta huo ni ute wenye tabaka mbili uliotandazwa juu yake. Tabaka la nje ni legelege. Bakteria wanaishi humo na baadhi yao wanakula sukari zake. La ndani limeganda ukutani, tena limebana kiasi kwamba bakteria hawapenyi, na kwa mtu mwenye afya huwa karibu tupu kabisa. Seli zinazotoa ute zimepangwa katikati ya seli nyingine na zinausukuma nje saa zote. Bakteria akijaribu kuingia, mkondo unamrudisha alikotoka.

Utumbo mwembamba hauwezi kujifunika hivyo, kwa kuwa ndiko chakula kinakofyonzwa. Huko ulinzi ni wa kemikali zaidi. Chini kabisa ya vishimo vya ukuta kuna seli za Paneth, zinazomwaga protini ndogondogo za kutoboa utando wa bakteria. Panya walioondolewa moja tu kati ya protini za ulinzi wa sehemu hiyo, iitwayo RegIII gama, wameonekana bakteria wao wakisogea hadi kugusa ukuta.

Halafu kuna kingamwili aina ya IgA. Mtu mzima hutengeneza gramu kadhaa kila siku, nyingi kuliko aina nyingine zote za kingamwili zikijumlishwa, na sehemu kubwa humwagwa utumboni. Ajabu yake ni kwamba haiui. Inamshika bakteria, inamgandisha na wenzake, inawanasa kwenye ute, kisha wote wanatoka na choo. Tena haichochei sana inflamesheni, yaani ule wekundu, joto na uvimbe unaotokea seli za kinga zinapopigana, na ndiyo maana inafaa mahali penye wageni kila dakika.

Kinga inajuaje nani wa kushikwa? Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna vituo viitwavyo mabaka ya Peyer. Juu yake zimekaa seli za M, ambazo huchota bakteria wachache na kuwapitisha chini kwa seli za dendraiti, yaani wapelelezi wa kinga, nazo huwaonyesha seli za T na za B, ambazo ni seli nyeupe zinazojifunza kumtambua kila mgeni. Seli za dendraiti zilizobeba bakteria hao husafiri hadi tezi za limfu za utumbo na kuishia hapo. Kwa hiyo utumbo unajifunza habari za wakazi wake bila kuupigia mwili mzima king'ora.

Katika shule hiyohiyo hupatikana seli T za kudhibiti, ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine. Umuhimu wake unaonekana kwa watoto wachache wanaozaliwa na jeni mbovu ya FOXP3, hivyo hawana seli hizo zinazofanya kazi: huharisha vikali tangu wachanga, ngozi huwatoka ukurutu, na wengi hupata kisukari mapema. Na bakteria nao wanachangia kuzizalisha seli hizi za amani. Wale wanaochachusha nyuzinyuzi hutoa butireti, aina ya asidi ndogo ya mafuta, na butireti ikiingia kwenye seli T changa huisaidia jeni ya FOXP3 kuwaka. Panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja wana mabaka ya Peyer madogo na IgA kidogo sana. Maana yake ni kwamba huu ua wameujenga pamoja, wenye nyumba na majirani.

Ni kweli kwamba bakteria ni mara 10 ya seli zetu, na kwamba asilimia 70 ya kinga iko tumboni?

La kwanza si kweli. Hesabu iliyopigwa upya na kuchapishwa mwaka 2016 ilikadiria bakteria trilioni 38 dhidi ya seli trilioni 30 kwa mwanamume wa kilo 70, na uzito wa bakteria wote ni kama gramu 200. Ni karibu bakteria mmoja kwa kila seli moja. Safari moja ya chooni inatosha kuupunguza uwiano huo kidogo.

La pili linategemea unahesabu nini. Ukihesabu seli zinazotengeneza kingamwili, nyingi kweli ziko utumboni. Ukihesabu seli zote za kinga, nyingi ziko kwenye uboho, wengu na tezi za limfu. Ile asilimia 70 huandikwa sana kwenye vifungashio vya bidhaa, na hapo ndipo tunapoitilia shaka.

Shikamooni wataalamu. Mwanangu wa miezi 2 alizaliwa kwa upasuaji. Nimeambiwa hakupata bakteria wangu, kwa hiyo kinga yake itakuwa dhaifu. Nifanye nini?

Marahaba. Kwanza usijilaumu, upasuaji unaookoa maisha haubadilishwi na hesabu za bakteria.

Tofauti ipo kweli. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka mwaka 2019, uliofuatilia watoto karibu 600, uliona kwamba waliozaliwa kwa upasuaji hawakuwa na bakteria wengi wa kundi la Bacteroides katika wiki za mwanzo, na walibeba zaidi wale wa mazingira ya hospitali. Kufikia miezi 6 hadi 9 tofauti hiyo ilikuwa imepungua sana. Bacteroides hutoka utumboni mwa mama, si ukeni. Ndiyo maana ule mtindo wa kumpaka mtoto majimaji ya uke kwa pamba haumletei anachokosa, na unaweza kumpa herpesi au bakteria wa streptokoki wa kundi B. Usiufanye nyumbani.

Ulicho nacho mkononi ni maziwa yako. Yana zaidi ya aina 100 za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Zinapita tumboni nzima hadi utumbo mpana kuwalisha bakteria wa Bifidobacterium. Yana IgA pia, iliyotengenezwa kufuata vijidudu ambavyo utumbo wako wewe umekutana navyo, kwa hiyo mtoto anakopeshwa ua wako huku akijenga wake. Mnyonyeshe bila kumchanganyia kitu hadi afikishe miezi 6, kisha uendelee pamoja na vyakula vingine. Chanjo zake zote apate kwa tarehe zake.

Matone ya bakteria hai usimpe bila daktari wake kujua. Kwa mtoto njiti ni hatari zaidi: mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya njiti mmoja kufariki kwa maambukizi ya bakteria yuleyule aliyekuwa kwenye bidhaa aliyopewa.

Nimemaliza dozi ya siku 7 ya antibiotiki na tumbo halijatulia. Ninunue vidonge vya probiotiki, yaani vya bakteria hai?

Kwa mtu mzima mwenye afya, tusingekushauri utumie pesa zako huko. Antibiotiki haichagui adui na mkazi. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018, wanaume 12 wenye afya walipewa antibiotiki 3 kwa siku 4. Jamii ya bakteria wao ilirudi karibu na ilivyokuwa ndani ya mwezi mmoja na nusu, lakini aina 9 walizokuwa nazo wote hapo mwanzo hazikuonekana tena hata baada ya siku 180. Mwaka huohuo watafiti wengine waliwapa watu probiotiki ya mchanganyiko wa aina 11 mara baada ya antibiotiki. Hao walichelewa kurejea hali yao kuliko walioachwa bila kupewa chochote. Wageni walikalia nafasi za wenyeji. Ni utafiti mdogo na hatuusomi kama hukumu, ila unatosha kumfanya mtu asite dukani.

Kupunguza kuharisha wakati wa dozi ni jambo jingine. Baadhi ya aina, zikianzwa pamoja na antibiotiki, zimesaidia wagonjwa walio katika hatari kubwa. Hilo ni la kuzungumza na daktari kabla ya kidonge cha kwanza, si baada ya cha mwisho. Mgonjwa mwenye kinga iliyoshuka sana, au mwenye mrija kwenye mshipa mkubwa wa damu, asiguse kabisa bila ruhusa, kwani hamira au bakteria hai wanaweza kuingia kwenye damu.

Sasa hilo tumbo lako. Choo laini kwa siku chache si cha kutisha. Cha kutisha ni choo cha maji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, tumbo kukata, na homa, hata kama ni wiki kadhaa tangu umalize dozi. Huenda ni Clostridioides difficile. Bakteria huyu hujihifadhi kama mbegu ngumu. Kwa kawaida wakazi wa utumbo huigeuza nyongo kuwa ya aina ambayo humzuia kukua. Wakiuawa, nyongo inabaki ile inayomwamsha, mbegu zinachipua, naye anatoa sumu inayochubua ukuta. Nenda ukapimwe kinyesi, na usimeze dawa ya kufunga kuharisha kabla ya majibu. Nyumbani, naweni mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Vitakasa mikono vyenye alkoholi haviui mbegu hizo, na watu wengi hukosea hapa.

Kila siku mnasema nyuzinyuzi. Kiasi gani hasa? Nilikula maharage siku tatu nikajaa gesi, nikaacha.

Ulikimbia kabla hujatembea. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku kutoka kwenye chakula. Gramu 100 za dengu zilizopikwa zina karibu 8. Maharage kiasi hichohicho yana 6 au 7, na parachichi pia karibu 7. Tufaha moja la wastani na ganda lake lina kama 4, chungwa zima 3. Juisi ya chungwa iliyochujwa haina kitu cha kuhesabu. Mchele mweupe uliopikwa hauna hata gramu 1 kwa kila gramu 100.

Twende na punje moja ya dengu tuone kinachotokea. Ganda lake linapita tumbo na utumbo mwembamba likiwa zima, kwa sababu mwili wetu hauna vimeng'enya vya kulikata. Baada ya saa kadhaa linafika mwanzo wa utumbo mpana. Bakteria kama Bacteroides thetaiotaomicron, mwenye vimeng'enya zaidi ya 200 vya kukata sukari ngumu, analichana. Mabaki yake wanayadaka wengine na kutoa asidi ya asetiki. Wengine tena wanaichukua hiyo na kuigeuza butireti. Seli za ukuta zinaichoma butireti kama mkaa wao mkuu, na katika kuichoma hutumia oksijeni yote iliyo karibu. Ndani ya utumbo panabaki bila hewa. Wakazi wa kawaida wanapapenda hivyo, ila Salmonella na jamaa zake, wanaonawiri penye oksijeni kidogo, wanakosa pa kushika.

Ukiacha kuwalisha hawafi wote. Baadhi wanageukia chakula kingine kilicho karibu, nacho ni ule ute wako. Katika utafiti wa panya wa mwaka 2016, chakula kisicho na nyuzinyuzi kiliufanya ute upungue unene, na kijidudu cha maradhi kilipoletwa kilipenya kwa urahisi. Jambo la kuzingatia ni kwamba nyuzinyuzi za unga zilizochujwa hazikuuokoa ute ule. Chakula kizima cha mimea ndicho kilichouokoa. Kwa hiyo kopo la unga wa nyuzinyuzi lisikudanganye kuacha sahani.

Gesi uliyoipata ni haidrojeni na kaboni dioksaidi, kazi ya bakteria wachache waliopewa mzigo mkubwa ghafla. Fanya hivi: wiki ya kwanza ongeza gramu 5 tu kwa siku juu ya ulichozoea, yaani vijiko vinne vikubwa vya dengu au tunda moja na ganda lake. Wiki ya pili 5 nyingine, na kuendelea hadi ufike. Maharage yaloweke usiku kucha, maji hayo yamwage, yapike kwa maji mapya hadi yalainike kabisa. Yachemke kwelikweli angalau dakika 10. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha. Kunywa maji zaidi, la sivyo nyuzinyuzi zitakufungia choo badala ya kukifungua. Na changanya: dengu leo, nafaka isiyokobolewa kesho, mboga za majani keshokutwa, maana kila kundi la bakteria lina chakula chake.

Viazi na wali vilivyopikwa vikapoozwa huwa na wanga zaidi usiomeng'enywa, ambao nao ni chakula cha bakteria. Ila wali usiuache mezani. Uweke kwenye friji ndani ya saa moja, kwani mbegu za Bacillus cereus haziuawi na kupika, na wali vuguvugu ndio kitanda chake.

Na vyakula vilivyochachushwa? Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford lililotoka mwaka 2021, watu wazima 36 waligawanywa makundi mawili kwa wiki 10. Waliokula vyakula vilivyochachushwa kwa wingi waliongeza aina za bakteria, na protini 19 za inflamesheni katika damu zilishuka. Kundi la nyuzinyuzi halikuongeza aina kwa kipindi hicho. Sisi tunasema kula vyote viwili. Hakikisha tu kwamba mtindi wako haukuchemshwa baada ya kuganda, la sivyo unakula bakteria waliokufa.

Basi nimwache mtoto acheze na kula udongo ili kinga izoee?

Kucheza, ndiyo. Kula udongo, hapana: una mayai ya minyoo, na sehemu nyingine una madini ya risasi. Wazo hili lilianza mwaka 1989, David Strachan alipoona kwamba watoto wa Uingereza wenye ndugu wakubwa wengi walikuwa na mzio wa pua kwa uchache zaidi. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba kinga inahitaji kukutana mapema na bakteria wasio na madhara, wa watu, wanyama na mimea. Haihitaji kuugua. Mtoto anawe mikono baada ya choo na kabla ya kula, kisha arudi nje kucheza.

Nimeona tangazo la kipimo cha bakteria wa kinyesi, na dawa ya "utumbo unaovuja". Vina maana?

Kipimo kitakupa majina marefu na rangi nzuri. Hakuna kiwango kinachokubalika cha bakteria "sawa", sampuli za mtu mmoja hutofautiana siku hadi siku, na daktari wako hatakuwa na la kufanya na karatasi hiyo. Ukuta kupitisha vitu kuliko kawaida ni jambo halisi. Huonekana kwenye ugonjwa wa Crohn, yaani inflamesheni ya kudumu ya utumbo, na ule wa siliaki, ambapo kinga huudhuru utumbo mtu akila ngano. Lakini hapo ugonjwa ndio hutibiwa. Hiyo dawa ya unga ya kuziba haijathibitishwa.

Kama una wasiwasi wa kweli, kipo kipimo cha kinyesi chenye manufaa: kalprotektini. Ni protini ya seli nyeupe zinazokimbilia ukutani amani inapovunjika. Chini ya mikrogramu 50 kwa gramu, inflamesheni ya utumbo kwa kawaida haipo. Ikipanda sana, daktari ataangalia ndani kwa kamera. Dawa za maumivu kama ibuprofeni zinaweza kuipandisha, kwa hiyo zitaje kabla ya kupima. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, au kuharisha kunakokuamsha usiku havisubiri kipimo cha tangazo.

Nina ugonjwa wa Crohn. Nyuzinyuzi zote hizo zinanihusu?

Ugonjwa ukiwa umetulia, mara nyingi ndiyo, kidogokidogo. Ukiwa umewaka, au kama uliambiwa kuna sehemu ya utumbo imebana kwa kovu, maganda, mbegu na mboga ngumu zinaweza kuziba njia na kukupeleka kwenye upasuaji. Muulize daktari wako swali hili moja: "Je, nina sehemu iliyobana?" Na dawa zako za kutuliza kinga usiziache kwa sababu ya lishe.

Je, kinyesi cha mtu mwenye afya kinaweza kurudisha bakteria? Kuna wanaofanya nyumbani.

Kinaweza, kwa ugonjwa mmoja hasa: C. difficile anayerudi tena na tena. Katika jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 13 kati ya 16 walipona kwa kuwekewa mara moja tu, ilhali waliopewa antibiotiki ya vankomaisini peke yake walipona 4 kati ya 13. Ni matokeo ya nadra katika tiba.

Nyumbani, usithubutu. Mwaka 2019 wagonjwa wawili nchini Marekani walipata bakteria wa E. coli sugu kwa dawa kutoka kwenye kinyesi cha mchangiaji, na mmoja akafariki. Wote wawili walikuwa na kinga dhaifu, na mchangiaji mwenyewe hakuwa mgonjwa. Ua wake ulikuwa umemzuia huyo E. coli asilete madhara. Wao walipokea bakteria bila ua. Hospitalini leo mchangiaji hupimwa damu na kinyesi kutafuta vimelea, virusi na bakteria sugu kabla hata gramu moja haijatumika, na sampuli yake huwekwa kando hadi majibu yote yatoke.